Kufungua si Kusoma: Faili za Lahajedwali katika Hati za Takwimu, kwa Mifano ya Uvuvi wa Kisumu

1.0 Utangulizi

Katika mialo ya Dunga, Usenge, Mbita na mingineyo iliyo upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, samaki hupimwa kwa mizani kabla ya kupelekwa sokoni. Mwenye daftari huandika tarehe, chombo kilichowaleta, aina ya samaki na uzito wao. Baadaye yaliyomo katika daftari huingizwa katika tarakilishi yakawa lahajedwali, nalo lahajedwali hukabidhiwa mtaalamu wa takwimu ambaye hulichanganua kwa hati ya amri. Safari hii ya data, kutoka kwenye mizani hadi kwenye ripoti, ina vituo kadhaa, na makosa mengi huzaliwa pale kituo kimoja kinapokabidhi kazi kwa kingine.

Makala haya yanashughulikia kituo kimoja tu, yaani pale hati ya programu ya takwimu inapokutana na faili ya lahajedwali. Hoja kuu ni kuwa makutano hayo huweza kuwa ya namna mbili: hati huweza kuifungua faili ili binadamu aitazame, au huweza kuisoma faili ili yenyewe iifanyie hesabu. Wanafunzi wengi huvichukulia vitendo hivi viwili kuwa kimoja. Athari ya mkanganyiko huo haiishii darasani, kwa kuwa nyuma ya kila safu mlalo ya lahajedwali kuna mvuvi ambaye riziki yake huweza kuamuliwa na tarakimu hizo.

Programu inayotumiwa katika mifano ni R. Iliasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Programu hii haiuzwi, na kwa sababu hiyo mwanafunzi asiye na fedha za leseni anaweza kuitumia kwa uhuru sawa na mtafiti wa shirika kubwa.

2.0 Istilahi za Msingi

2.1 Lahajedwali na hati

Neno lahajedwali ni muungano wa laha na jedwali, na hutaja faili ambayo data yake imepangwa katika safu wima na safu mlalo. Pale safu hizo mbili zinapokutana pana kisanduku kinachobeba thamani moja. Programu ya kwanza ya aina hii kuenea katika tarakilishi ndogo ilikuwa VisiCalc ya mwaka 1979. Leo inayofahamika zaidi ni Excel, ingawa zipo nyingine zisizouzwa. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili, lahajedwali likiwa miongoni mwake.

Hati, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni faili ya maandishi yenye amri ambazo tarakilishi huzitekeleza moja baada ya nyingine. Ubora wa hati ni kwamba huacha ushahidi. Anayetaka kujua jumla fulani ilipatikanaje husoma hati, kisha huitekeleza upya na kulinganisha matokeo. Kazi iliyofanywa kwa kubofyabofya ndani ya lahajedwali haiachi alama ya namna hiyo.

2.2 Fungua na soma

Sarufi ya Kiswahili inatoa msaada usiotarajiwa. Kitenzi fungua ni kauli ya kutendua ya funga. Umbo lake lenyewe linakumbusha kuwa kilichofunguliwa kilikuwa kimefungwa, na kwamba kuna anayetarajiwa kukifunga tena. Mlango uliofunguliwa hupitisha watu, nao wapitao huweza kuingiza au kutoa kitu. Kitenzi soma hakina kauli ya kutendua katika matumizi ya kawaida, kwa kuwa kusoma hakubadilishi hali ya kinachosomwa. Kitabu kilichosomwa na watu mia hubaki na maneno yale yale.

Tofauti hii ya kisarufi inalingana na tofauti ya kiufundi. Hati inayoifungua faili huiagiza programu nyingine, aghalabu Excel, iamke na kuionyesha faili hiyo kwenye kiwambo. Hati inayoisoma faili huinakili data katika kumbukumbu ya R, na faili hubaki diskini jinsi ilivyokuwa.

3.0 Hati Inavyoifungua Faili

Katika mfumo wa Windows, amri moja inatosha:

shell.exec("muhtasari.xlsx")

Amri hii huuliza mfumo ni programu gani iliyopewa jukumu la faili zenye kiambishi xlsx, kisha huiamsha programu hiyo pamoja na faili iliyotajwa. Ni sawasawa na mtu kubofya faili mara mbili kwa kipanya. Amri ya shell.exec inapatikana katika Windows pekee. Katika tarakilishi za Mac huandikwa system2("open", "muhtasari.xlsx"), na katika nyingi zinazotumia Linux huandikwa system2("xdg-open", "muhtasari.xlsx").

Kuna sifa tatu za ufunguzi huu ambazo mwanafunzi hana budi kuzielewa.

Kwanza, hati haisubiri. Baada ya shell.exec kutoa agizo, R huendelea na mstari unaofuata papo hapo, hata kama dirisha la Excel bado halijatokea. Anayedhani kuwa hati itasimama hadi mtu amalize kusahihisha lahajedwali atakuta hesabu imekwisha kufanywa kwa data ya zamani.

Pili, hakuna data inayorudi. Baada ya faili kufunguliwa, R haijui hata tarakimu moja iliyomo. Hapa ndipo wanaoanza hukwama: huiona faili mbele yao, kisha huiamuru R ikokotoe wastani, nayo R hujibu kuwa haikitambui kitu kilichotajwa. Jicho la mwanafunzi limeona, lakini hati haijasoma.

Tatu, faili hutiwa kufuli. Katika Windows, maadamu dirisha la Excel lingali wazi, programu nyingine haiwezi kuandika juu ya faili hiyo. Hati iliyotekelezwa salama mara ya kwanza hugoma mara ya pili kwa ujumbe kuwa ruhusa imekataliwa, na chanzo ni dirisha lililosahauliwa nyuma ya madirisha mengine. Dawa yake ni kuipa kila faili ya matokeo jina jipya lenye tarehe na saa, kama inavyoonyeshwa katika sehemu ya 7.0.

4.0 Hati Inavyoisoma Faili

Kusoma kunahitaji amri nyingine. Faili ya maandishi ambayo thamani zake zimetenganishwa kwa mkato, yenye kiambishi csv, husomwa hivi:

dunga <- read.csv("dunga.csv", colClasses = "character")

Faili ya Excel husomwa kwa msaada wa kifurushi cha nyongeza kama readxl, kilichotolewa mwaka 2015:

library(readxl)
dunga <- read_excel("dunga.xlsx", col_types = "text")

Amri hizi hazihitaji Excel iwepo katika tarakilishi, na hakuna dirisha linalotokea. Katika zote mbili R imeagizwa ichukue kila kisanduku kama maandishi, bila kukisia kipi ni namba na kipi ni tarehe. Uamuzi huo hufanywa na mtafiti mwenyewe katika mstari wa baadaye, mahali ambapo mwingine anaweza kuuona na kuupinga.

5.0 Yanayoharibika Faili Inapofunguliwa

Ingekuwa kufungua ni kutazama tu, kusingekuwa na hoja ya kuandikiwa makala. Tatizo ni kuwa programu ya lahajedwali ina mazoea ya kukisia. Inapoifungua faili ya csv, hutafsiri kila kisanduku kwa namna inayoona inafaa, na mtu akihifadhi, tafsiri hiyo huchukua nafasi ya kilichoandikwa mwaloni.

5.1 Sifuri na vistari

Namba ya kitambulisho inayoanza kwa sifuri, kwa mfano 0417, hubaki 417. Kisanduku chenye 5-6, kikimaanisha nyavu zenye macho ya inchi 5 hadi 6, hugeuka kuwa tarehe: tarakilishi iliyopangwa kwa utaratibu wa Uingereza huonyesha siku ya 5 ya Juni, na ile iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huonyesha siku ya 6 ya Mei. Wanasayansi wa jenetiki walisumbuliwa na tabia hiyo hiyo kwa miaka mingi, hata mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kuwa imebadilisha majina kadhaa yaliyokuwa yakigeuzwa kuwa tarehe.

5.2 Tarehe na msimu wa omena

Mkanganyiko wa siku na mwezi ndio wenye uzito mkubwa zaidi ziwani. Nchini Kenya uvuvi wa omena umekuwa ukisimamishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki hao wapate nafasi ya kuzaana. Na ichukuliwe mifano mitatu ya kubuni ya mwaka 2010. Chombo cha kwanza kilileta omena tarehe 4 Machi, siku ya halali, na mwenye daftari akaandika 4/3/2010. Cha pili kilileta omena tarehe 3 Aprili, msimu ukiwa umefungwa, na ikaandikwa 3/4/2010. Cha tatu kilileta mbuta tarehe 15 Aprili, ikaandikwa 15/4/2010.

Faili ya csv yenye mistari hiyo ikifunguliwa katika tarakilishi iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani na kuhifadhiwa kama kitabu cha Excel, mvuvi wa kwanza huhesabiwa kuwa alivua tarehe 3 Aprili, naye wa pili kuwa alivua tarehe 4 Machi. Asiye na hatia ameonekana mkosaji, na mkosaji amesafishwa. Kuhusu mstari wa tatu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, Excel huuacha kama maandishi. Safu wima moja sasa ina namba na maandishi yaliyochanganyika, ingawa kwa macho zote zinaonekana kuwa tarehe.

Mchanganyiko huo huonekana wazi pale hati inapoisoma faili kama maandishi. Excel huhifadhi tarehe kwa kuhesabu siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, hivyo 3 Aprili 2010 ni 40271 na 4 Machi 2010 ni 40241. Mtafiti akikuta 40241 katika safu mlalo moja na 15/4/2010 katika nyingine, ana dalili kuwa faili ilipitia mikono mingine kabla ya kumfikia. Namba hugeuzwa kuwa tarehe hivi:

as.Date(40241, origin = "1899-12-30")

Siku ya kuanzia ni 30 Desemba 1899, ingawa msomaji angetarajia 31 Desemba, kwa sababu Excel ilirithi kosa la programu iliyoitangulia, Lotus 1-2-3, la kuhesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Maandishi asilia ya mwaloni yakiwa hayajaguswa, utata wote huondolewa kwa mstari mmoja unaotamka kuwa siku hutangulia mwezi:

as.Date("3/4/2010", format = "%d/%m/%Y")

5.3 Mipaka ya safu

Kitabu cha Excel cha muundo wa zamani, wenye kiambishi xls, hakiwezi kuzidi safu mlalo 65,536. Muundo wa xlsx ulioanza na Excel ya mwaka 2007 unapokea 1,048,576. Nchini Uingereza, visa 15,841 vya ugonjwa wa korona viliachwa nje ya taarifa za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, na ikabainika kuwa data ilikuwa imepitishwa katika muundo wa xls uliojaa. Ikiwa taifa lenye uwezo kama huo liliponyokwa na data yake, mtafiti wa Kisumu anayekusanya kumbukumbu za mialo mingi kwa miaka mingi ana sababu ya kuwa makini.

6.0 Jina la Samaki ni Suala la Lugha

Hata faili iliyosomwa salama bado huhitaji ujuzi ambao mashine haina. R huchukulia Omena, omena na OMENA kuwa aina tatu tofauti za samaki, na nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa neno huzaa aina ya nne. Amri za tolower na trimws huondoa tofauti hizo za kimaandishi.

Tofauti za lugha haziondoki kirahisi hivyo. Ziwa linagawanywa na nchi tatu, na tangu mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifanya sensa za pamoja za uvuvi chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao makuu Jinja. Samaki aitwaye omena Kisumu huitwa dagaa Mwanza na mukene upande wa Uganda. Mbuta wa Wajaluo ndiye sangara wa Watanzania. Anayeunganisha faili za nchi hizo anahitaji jedwali la visawe, au jumla zake zitagawanyika mara tatu.

Jina ngege lina mtego zaidi. Awali lilimtaja samaki wa asili wa ziwa hili, Oreochromis esculentus, ambaye amepungua sana. Sokoni jina hilo limekuja kutumiwa pia kwa sato wa Naili, aliyepandikizwa ziwani katika karne ya 20. Mwenye kuandika ngege katika lahajedwali huenda anamaanisha mmoja au mwingine, na hakuna amri ya R inayoweza kuamua. Anayeweza ni mtu anayeijua lugha ya mwaloni na anayerudi kwa mwenye daftari kumuuliza. Katika kazi hiyo mwanafunzi wa Kiswahili na isimu ana mchango mkubwa kuliko anavyodhani.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala uliotangulia, hati njema huanza kwa kusoma na huishia kwa kufungua. Faili asilia husomwa tu. Kinachofunguliwa ni faili mpya ya matokeo, ambayo ikiharibika hutengenezwa upya kwa kuitekeleza hati tena. Mfano ufuatao unatoa muhtasari wa uzito kwa kila aina ya samaki:

library(openxlsx)
dunga <- read.csv("dunga.csv", colClasses = "character")
dunga$samaki <- tolower(trimws(dunga$samaki))
dunga$kilo <- as.numeric(dunga$kilo)
muhtasari <- aggregate(kilo ~ samaki, data = dunga, FUN = sum)
jina <- paste0("muhtasari-", format(Sys.time(), "%Y%m%d-%H%M%S"), ".xlsx")
write.xlsx(muhtasari, jina)
if (interactive()) shell.exec(jina)

Mstari wa sita ndio unaoepusha tatizo la kufuli, kwa kuwa kila utekelezaji huzaa faili yenye jina lake. Mstari wa mwisho hufungua faili iwapo tu kuna mtu anayeitumia R wakati huo. Hati inayotekelezwa usiku bila mtu haina sababu ya kufungua dirisha. Aidha, inafaa faili asilia iwekewe alama ya kusomwa pekee, kwa amri Sys.chmod("dunga.csv", mode = "0444"), ili hata mkono uliokosea usiweze kuhifadhi juu yake kwa bahati mbaya.

8.0 Mfano wa Maseno

Mwelekeo huu haujabaki katika nadharia. Maseno, mji ulio karibu na Kisumu kwenye barabara ya Busia, ni makao ya chuo kikuu ambacho wahadhiri na wahitimu wake walishiriki katika kuibuni R-Instat, programu isiyouzwa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2015 kupitia Mradi wa Data wa Afrika. Programu hiyo humruhusu mtumiaji kuchagua kazi kwenye menyu, nayo huandika amri za R kwa niaba yake na kuziweka mahali anapoweza kuzisoma. Data huonyeshwa katika umbo la lahajedwali ambalo mtumiaji amelizoea, lakini hesabu hufanywa na R.

Funzo lililomo ni kuwa hakuna haja ya kumtenga mtu na lahajedwali. Macho ya binadamu hupenda jedwali, na mwenye daftari hawezi kulaumiwa kwa kupenda kuona. Linalohitajika ni kila badiliko liandikwe kama amri, ili anayekuja nyuma ajue nini kilifanywa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kufungua faili ya lahajedwali kutoka katika hati ni jambo la mstari mmoja, na kwamba ugumu uko katika kujua lini ufunguzi huo unafaa. Faili asilia isomwe, faili ya matokeo ifunguliwe. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa vitendo hivi viwili, na mwalimu anayevitumia kwa uangalifu huwa amefundisha nusu ya somo kabla ya kuwasha tarakilishi. Mvuvi aliyetoa samaki wake wapimwe tarehe 4 Machi ana haki ya kubaki na tarehe yake hadi katika ukurasa wa mwisho wa ripoti.

Mazoezi

1. Eleza, kwa kurejelea kauli ya kutendua, kwa nini kitenzi fungua hakifai kutumiwa kwa amri ya read.csv.

2. Hati ya mwanafunzi ina shell.exec("usenge.xlsx") katika mstari wa kwanza na mean(usenge$kilo) katika mstari wa pili. R inakataa kutekeleza mstari wa pili. Bainisha kosa na ulisahihishe.

3. Katika safu wima ya tarehe mna thamani tatu: 40269, 17/4/2010 na 40241. Geuza namba mbili ziwe tarehe, kisha ueleze ni ipi kati ya thamani hizo tatu inayoweza kuaminiwa bila kurudi kwenye daftari la mwaloni.

4. Kusanya majina matano ya samaki yanayotumiwa katika soko la karibu nawe. Tengeneza jedwali la visawe vyake katika angalau lugha mbili, na uonyeshe jina ambalo haliwezi kulinganishwa na jingine moja kwa moja.